Jina Limefutwa, Msomaji Anaonekana: Uchambuzi wa Kisa cha Tasnifu ya Uzamili katika Ukutubi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya ukutubi na sayansi ya habari aliyekuwa akifanya kazi ya zamu katika maktaba ya chuo alichosoma. Mimi ni mkutubi wa data za utafiti. Niliitwa kutoka nje ya idara wakati mambo yalikwisha kuharibika, nisaidie kutafuta njia ya kuiokoa tasnifu. Wahusika wakuu, pamoja na msomaji aliyeumizwa, wameridhia kisa kiandikwe kwa ajili ya kufundishia. Chuo, mwaka, idara na majina nimeviondoa. Namba za Dewey (namba za uainishaji zinazoonyesha kitabu kinahusu nini), namba ya msomaji na jinsia nilizotaja ni za mfano: zinafanya kazi ileile iliyofanywa na zile za kweli, lakini hazimwelekezi mtu yeyote. Kisa cha mtu kutambulika kisipoandikwa kwa uangalifu wa namna hiyo kitamtambulisha mara ya pili.

Usuli

Anayesomea uzamili wa ukutubi mara nyingi huvaa kofia mbili. Asubuhi yuko darasani akifundishwa uainishaji, uandaaji wa katalogi, metadata, na namna ya kumsaidia msomaji anayeuliza swali ambalo silo hasa lililomleta. Jioni yuko kaunta: anapokea vitabu vilivyorudishwa, anaazimisha vingine, anasaka rafuni kile ambacho katalogi inadai kipo. Kaunta humfundisha mambo ambayo hakuna mhadhara unaoyafikia. Lakini pia humpa kitu ambacho mwanafunzi wa fani nyingine hana, nacho ni nywila ya mfumo wa maktaba. Kwa nywila hiyo anaona nani ameazima nini, lini, na ameongeza muda mara ngapi.

Mwanafunzi wa kisa hiki aliishi hivyo. Zamu za jioni ndizo zilizomlipia ada, na tasnifu ilisubiri maktaba ifungwe. Mkuu wa zamu aliyempangia saa za kazi alikuwa mtu aliyemheshimu na kumtegemea. Hali hiyo inaeleza mengi katika yanayofuata. Mtu aliyechoka huanza na data zilizo karibu na mkono wake.

Swali lake la utafiti lilikuwa zuri, na nalisema mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba kazi ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Wakutubi wa chuo kile huwapa wanafunzi mafunzo mafupi ya stadi za kutafuta habari. Je, mafunzo hayo yanabadilisha wanachosoma? Hakuuliza kama wanaazima vitabu vingi zaidi, swali ambalo limeulizwa sana. Aliuliza kama wanatoka nje ya rafu za fani zao. Pendekezo lake lilianzia kwenye kanuni 5 za ukutubi alizozichapisha S. R. Ranganathan wa India mwaka 1931, hasa ile ya pili na ya tatu: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Kipimo alichobuni kilikuwa chepesi kueleweka. Mfumo wa Dewey una madaraja makuu 10, na kila daraja lina migawanyo 10, hivyo jumla ni migawanyo 100. Kwa kila msomaji angehesabu ni migawanyo mingapi tofauti aliyoazima kutoka kwayo kabla ya mafunzo, na mingapi baada yake.

Kwa hesabu hiyo alihitaji vitu viwili tu, orodha ya waliohudhuria mafunzo na kumbukumbu za mikopo ya vitabu. Vyote vilikuwa maktabani. Mfumo ulikuwa umeachwa katika mpangilio unaohifadhi kila mkopo pamoja na namba ya kadi ya msomaji hata baada ya kitabu kurudi. Nilipouliza nani aliamua iwe hivyo, hakupatikana mtu. Ndivyo ulivyowekwa siku ya kwanza, na hakuna aliyeugusa tena.

Fomu ya kamati ya maadili ya utafiti nayo ilikuwa na mchango wake. Swali la kwanza liliuliza: je, utahoji watu, utawajazisha dodoso, au utawafanyia majaribio? Mwanafunzi alijibu hapana, na alisema kweli. Jibu la hapana liliirusha fomu moja kwa moja hadi sehemu ya sahihi, bila ombi lake kusomwa na mjumbe yeyote wa kamati.

Yaliyotokea

Ruhusa ya data iliombwa kwa mdomo. Mwanafunzi alimweleza mkuu wa zamu anachotaka kufanya, akajibiwa, “Chukua tu, mdogo wangu, hizo ni takwimu zetu wenyewe.” Hapakuwa na hila upande wowote. Mkuu wa zamu hutoa ripoti ya vitabu vilivyoazimwa kila mwezi, na kwake hii ilikuwa ripoti nyingine, ndefu kidogo. Ila ripoti ya mwezi huhesabu vitabu, na hii ilimfuata mtu mmoja mmoja tangu siku aliyopewa kadi.

Jioni moja, kaunta ikiwa imetulia, alitoa faili, akalihamishia kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaliunganisha na orodha ya mahudhurio kwa kutumia namba za usajili. Baada ya hapo alifuta majina na namba za usajili na kumpa kila msomaji namba mpya kuanzia 0001. Alifuta pia vichwa vya vitabu na majina ya waandishi, kwa hoja kwamba kichwa cha kitabu kinaweza kufichua mambo ya mtu. Kilichobaki ni kitivo, programu ya masomo, ngazi, mwaka wa masomo, jinsia, tarehe ya kuazima, na namba ya Dewey. Katika sura ya mbinu aliandika kwamba data zimeondolewa utambulisho. Msimamizi alisoma, akapitisha. Sura hiyo ilihitaji jicho la mkutubi, na wote walioisoma walikuwa wakutubi.

Idara ilikuwa na semina ya kila wiki ambamo wanafunzi wa uzamili huonyesha kazi zao kwa wenzao. Zamu yake ilipofika, alitaka wenzake waone kwa macho maana ya msomaji kutoka kwenye rafu yake. Alitafuta katika jedwali msomaji aliyetawanyika kuliko wote, akaweka mikopo yake yote kwenye slaidi moja. Msomaji 0312, mwanamke, uzamili, mwaka wa pili, na jina la programu. Chini yake zilifuata namba kwa mpangilio wa tarehe. Muhula wa kwanza zote zilikuwa za fani yake. Muhula wa pili ikaingia 306.89, wiki iliyofuata 306.89 tena, halafu 616.8527 mara mbili, halafu kimya kirefu, ndipo namba za fani yake zikarudi.

Kwa watu wengine hizo ni tarakimu. Chumba kile kilijaa watu waliokesha wakisoma Dewey kwa ajili ya mtihani. 306.89 ni utengano na talaka. 616.8527 ni sonona. Mtawanyiko uliokusudiwa kuonyesha udadisi wa kitaaluma ulisomeka papo hapo kama muhula mgumu katika maisha ya mtu, na programu iliyotajwa ilikuwa na wanafunzi wachache wa ngazi hiyo, mwanamke akiwa mmoja tu. Mmoja wa waliokaa mbele alisema, “Huyu si dada…” akalitaja jina, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Lilikuwa limekwisha kutoka.

Mwenyekiti wa semina alizima projekta na kuahirisha kikao. Hata hivyo slaidi zilikuwa zimetumwa siku moja kabla kwenye kundi la darasa la simu, kama walivyozoea kufanya.

Jioni ileile mwanafunzi alimwandikia msimamizi wake: “Mwalimu, leo nimemwanika mtu mbele ya darasa. Naomba unielekeze la kufanya usiku huu, nisisubiri kesho.” Msimamizi alimpigia mkuu wa maktaba kabla ya kumjibu.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuzuia kusambaa. Slaidi ziliondolewa kwenye kundi usiku uleule, na mwenyekiti wa semina alimpigia kila aliyekuwamo, mmoja mmoja, kumwomba afute nakala yake na asilizungumze jambo hilo. Faili la data lilihamishiwa kwenye hifadhi ya kitengo cha mifumo ambayo watu wawili tu waliweza kuifungua, na kompyuta ya mwanafunzi ikasafishwa. Wapo waliotaka faili lenyewe lifutwe mara moja. Mkuu wa mifumo alikataa, na alikuwa sahihi. Bila faili hilo hakuna ambaye angejua ni wasomaji wangapi wengine walikuwa katika hatari ileile, na kulifuta kabla ya uchunguzi kungeonekana kama kufunika jambo. Liliteketezwa baadaye, uchunguzi ulipokwisha.

Uamuzi wa pili ulichukua muda mrefu zaidi na ndio uliotugawa. Je, msomaji aambiwe? Upande mmoja ulisema kumwambia ni kumtonesha kidonda kwa jambo ambalo huenda asilisikie kamwe. Nilikuwa upande wa pili. Alisoma katika chuo kilekile na watu waliokuwa chumbani mle, akila nao na kupishana nao kwenye ngazi. Kama angelisikia, angelisikia kama umbea, akiwa hana wa kumuuliza. Tena siri ilikuwa yake. Hatukuwa na haki ya kumwamulia kama ajue au asijue kwamba imetoka. Mkuu wa maktaba alikubaliana na hoja hii ya mwisho, na ndiyo iliyomaliza mjadala.

Likabaki suala la nani aende. Mwanafunzi aliomba aende mwenyewe kuomba radhi, na nia yake ilikuwa njema. Mkuu wa maktaba alimkatalia kwa wakati ule. Alisema mtu aliyeumizwa hapaswi kupewa, katika dakika ileile anaposikia habari, kazi ya kupokea machozi ya mwenzake na kumwambia usijali. Alikwenda yeye, ana kwa ana, bila kutanguliza barua. Alieleza kilichotokea, nani waliona, nini kimefanywa, na akauliza msomaji anataka nini kifanyike. Barua ya radhi ya mwanafunzi ilipelekwa baadaye, msomaji alipokubali kuipokea. Katika maamuzi yote ya kisa hiki, huu ndio ninaoutaja kwanza ninapofundisha.

Uamuzi wa tatu ulihusu tasnifu, na hapo ndipo nilipoitwa. Tulikuwa na njia nne mezani.

Kuacha data na kugawa dodoso lilikuwa wazo la msimamizi. Tatizo ni kwamba mtu hakumbuki vizuri alichoazima muhula uliopita, na anayejaza dodoso la maktaba hupenda kujionyesha msomaji mzuri.

Kuomba ridhaa ya kila aliyemo kwenye data ndiyo njia safi kimaadili, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuhitimu na kuondoka, na wanaokubali kufunguliwa historia yao ya kusoma hawafanani na wanaokataa.

Njia ya tatu ilikuwa kulifanya jedwali kuwa pana zaidi: kuondoa jinsia na programu, kugeuza tarehe kuwa muhula, na kukata namba ya Dewey ibaki daraja kuu. Ndiyo mantiki ya kanuni ambayo Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data wa Marekani, aliieleza mwaka 2002, kwamba kila mtu kwenye jedwali afanane na wengine kadhaa katika sifa zinazoweza kumtambulisha. Sweeney ndiye aliyekwisha kuonyesha, kwa takwimu za sensa ya Marekani ya 1990, kwamba asilimia 87 ya watu wa nchi hiyo wangeweza kutofautishwa kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta pekee. Tulijaribu njia hii kwenye karatasi, ikaua utafiti. 616.8527 ikikatwa inakuwa 600, na ndani ya 600 mna tiba, uhandisi, kilimo na usimamizi wa biashara. Mwanafunzi wa uuguzi anayetoka kwenye tiba na kuingia kwenye kilimo huonekana kama hajasogea hata hatua moja. Msogeo huo ndio hasa uliokuwa ukitafutwa.

Tukachagua ya nne. Hesabu ingefanyika ndani ya maktaba, na data zisitoke. Mwanafunzi aliandika maelekezo ya hesabu bila kuona data, akiyajaribu kwenye jedwali la kubuni tulilomtengenezea. Mkuu wa mifumo aliyaendesha kwenye data halisi. Idadi ya migawanyo kwa kila msomaji ilihesabiwa humo humo, na kilichotoka nje ni wastani na mgawanyo wa makundi: waliohudhuria na wasiohudhuria, shahada ya kwanza na uzamili, muhula kwa muhula. Kundi lenye watu chini ya 10 liliunganishwa na jirani yake. Safu ya jinsia haikutumika kabisa, kwa sababu tulipomuuliza mwanafunzi swali lake linaihitaji kwa lipi, alikiri kwamba aliichukua kwa kuwa ilikuwepo. Juu ya hayo aliongeza mahojiano na wasomaji waliojitolea, safari hii kwa ridhaa ya maandishi na kwa idhini kamili ya kamati.

Kuhusu adhabu nitasema kwa ufupi. Mwanafunzi hakuadhibiwa. Alikuwa ameomba ruhusa, amejaza fomu kwa ukweli, na amemwarifu msimamizi siku ileile. Haki zake kwenye mfumo zilipunguzwa zikabaki zile za kaunta tu, na wafanyakazi wengine wote wa zamu walipunguziwa vivyo hivyo, asionekane yeye peke yake kuwa na doa.

Matokeo

Msomaji aliomba mambo mawili: ajue nani walikuwa chumbani, na historia yake yote ya kuazima ifutwe. Yote alipewa, baada ya waliokuwa kwenye semina kuombwa idhini ya majina yao kutajwa. Aliendelea na masomo akahitimu. Lakini alimwambia mkuu wa maktaba waziwazi kwamba hataazima tena kitabu kwa kadi yake kwa muda wote uliobaki, na hakuazima. Alikuwa akija, anachukua kitabu rafuni, anasoma kwenye meza, anakirudisha. Kwa maktaba hiyo ni hasara isiyoingia kwenye takwimu yoyote, na kwangu ni sehemu nzito kuliko zote za kisa hiki.

Tasnifu ilichelewa muhula mmoja. Ilionyesha kwamba waliohudhuria mafunzo walitawanyika zaidi kidogo katika muhula uliofuata, na kwamba tofauti hiyo ilififia baadaye. Mtahini wa nje alilalamika kwamba uchambuzi ni mwembamba, kwa kuwa bila data za mtu mmoja mmoja haikuwezekana kutenganisha athari ya mafunzo na athari ya kuwa mtu mwenye bidii ya kuhudhuria mafunzo. Lalamiko lake ni la haki. Mahojiano ndiyo yaliyoibua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: wengi wa waliojitolea walisema vitabu vya nje ya fani zao huvisoma hapo hapo maktabani au kwenye skrini, wasiviazime. Kumbukumbu za mikopo, ambazo kwa ajili yake yote haya yalitokea, hazikuwa na habari hiyo hata kidogo.

Maktaba ilibadilisha mpangilio wa mfumo. Kitabu kikirudi na kusiwe na faini, kiungo kati ya mkopo na msomaji hukatwa, kisha hubaki hesabu tu. Mifumo mingi huweza kufanya hivyo. Koha, ambao ni mfumo huria, una mpangilio huo na humwachia msomaji achague kama historia yake ihifadhiwe. Fomu ya maadili nayo iliongezwa swali: je, utatumia kumbukumbu zozote zilizokusanywa kuhusu watu kwa shughuli nyingine?

Uchambuzi

Swali linalonisumbua kuliko mengine ni kwa nini darasa zima lililojua hatari hii halikuiona. Wanafunzi wale walikuwa wamefundishwa kisa cha AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani. Mwezi Agosti 2006 kampuni hiyo iliweka hadharani kumbukumbu za utafutaji zipatazo milioni 20 za watumiaji wapatao 650,000, namba zikiwa mahali pa majina, na ndani ya siku chache waandishi wa New York Times walimtambua mtumiaji mmoja kwa maneno aliyokuwa akiyatafuta. Walikijua kisa hicho, na mtihani wake waliufanya. Walisoma pia kanuni za maadili za IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, za mwaka 2012, ambazo zinataka uhusiano wa mkutubi na msomaji uwe wa kutunza siri. Nilipopitia mihtasari ya kozi zao nilipata jibu. Faragha ilifundishwa katika kozi ya maadili kama suala la huduma: usimwambie mzazi, mwajiri au askari nani ameazima nini. Data zilifundishwa katika kozi ya mbinu za utafiti kama suala la usahihi: ondoa zilizojirudia, jaza mapengo, chagua kipimo sahihi. Hapakuwa na somo ambapo kozi hizi mbili zilikutana. Mwanafunzi akiwa kaunta asingemwambia mtu yeyote alichoazima msomaji 0312; nina hakika na hilo. Akiwa mtafiti, aliyekuwa mbele yake hakuwa tena msomaji, alikuwa kielelezo cha mtawanyiko.

Kosa la kitaalamu lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni la ukutubi hasa. Mwanafunzi alifuta vichwa vya vitabu na kubakiza namba za Dewey, akiamini namba ni kitu cha baridi. Lakini namba ya uainishaji kazi yake yote ni kusema kitabu kinahusu nini, na mara nyingi husema kwa uwazi zaidi kuliko kichwa. Kitabu juu ya talaka kinaweza kuwa na kichwa cha kishairi kisichofichua lolote. 306.89 haina ushairi. Aidha, mfuatano wa namba kwa tarehe ni alama ya mtu hata bila jinsia wala programu: anayejua kwamba fulani aliandika tasnifu juu ya jambo fulani muhula fulani anaweza kumpata kwenye jedwali kwa namba za fani yake, kisha akasoma zilizobaki.

Ruhusa ya mdomo ilishindwa kwa sababu mtoaji hakuwa na mamlaka ya kuitoa, na mwombaji hakuwa katika nafasi ya kulihoji hilo. Anayekupangia zamu na kukulipia ada kwa zamu hizo ni vigumu kumwambia, “Naomba hilo uniandikie.” Tangu hapo maktaba inadai ombi la data za utafiti liende kwa mkuu wa maktaba kwa maandishi, hata likitoka kwa mfanyakazi wa ndani. Napenda jinsi utaratibu huu unavyomwondolea mwanafunzi aibu ya kuuliza: haulizi kwa kuwa hamwamini mkubwa wake, anauliza kwa kuwa ndivyo inavyofanyika kwa kila mtu.

Kilichofaa zaidi kilikuwa kasi ya mwanafunzi kusema. Angenyamaza kwa wiki moja, slaidi zile zingekuwa zimefika ambako hakuna simu ya mwenyekiti ingezifuata. Njia ya kupeleka hesabu kwenye data ilifaa pia, ingawa sitaki kuipamba. Iliwezekana kwa sababu mkuu wa mifumo alikubali kuifanya nje ya kazi zake za kila siku, na tasnifu zinazofuata hazitaweza kutegemea hisani. Kama idara inataka wanafunzi wake watafiti mikopo kwa njia hii, lazima saa za mtu huyo ziwekwe kwenye mpango wa kazi wa maktaba.

Wapo walimu wa idara wanaosema maktaba imeruka mpaka upande wa pili, kwamba kwa kukata kiungo imefunga mlango wa tafiti ambazo zingewanufaisha wasomaji wenyewe. Hoja hiyo naichukulia kwa uzito. Lakini nilipokaa nao tukapitia mada za tasnifu zilizowahi kutumia data za mikopo, nyingi zingejibiwa na jedwali la hesabu za kila mwezi kwa mgawanyo wa Dewey na ngazi ya masomo, bila mtu yeyote ndani yake. Zilizobaki, zile zinazohitaji kumfuata msomaji kwa muda, zinaweza kuanza na msomaji aliyeombwa mapema akakubali, akijua pia namna ya kujitoa. Idara imekubali sehemu ya kwanza, na jedwali hilo linatengenezwa. Sehemu ya pili wanasema itawachelewesha wanafunzi. Itawachelewesha kweli, na msimamo wangu kwenye kikao kijacho utakuwa kwamba ratiba ya uzamili irefushwe, ridhaa ibaki.